Hatua kwa Hatua: Matembezi ya Hisani na Saratani ya Matiti

Neno "hatua" lina maana mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua. Maana ya kwanza ni nafasi iliyopo kati ya mguu na mguu mtu atembeapo. Maana ya pili ni daraja lililofikiwa na jambo linaloendelea, na kwa maana hiyo madaktari husema kuwa saratani ya mgonjwa fulani iko katika hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Matembezi ya hisani ya siku kadhaa, yanayofanywa kuchangia vita dhidi ya saratani ya matiti, huzikutanisha maana hizo mbili. Watu wenye afya huhesabu hatua zao barabarani ili mgonjwa afike hospitali kabla ugonjwa haujapanda hatua zake.

Makala haya yanaeleza asili ya matembezi hayo, mambo yatokeayo katika mwili wa mtembeaji, na namna uvimbe wa saratani unavyokua. Kisha yanalipima jambo hilo kwa umbali wa mahali pamoja, yaani Igamba katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, ili ionekane ni kitu gani hasa matembezi ya aina hiyo yanaweza kumfanyia mwanamke wa kijijini.

Asili ya matembezi

Matembezi ya siku nyingi kwa ajili ya saratani ya matiti yalipata umaarufu nchini Marekani. Mwaka 1980 mwanamke aitwaye Susan Komen alifariki kwa ugonjwa huo akiwa na umri wa miaka 36. Miaka miwili baadaye dada yake, Nancy Brinker, alianzisha shirika la kuchangisha fedha za utafiti na tiba, na mwaka 1983 mbio za kwanza za shirika hilo zilifanyika katika mji wa Dallas. Mwaka 1998, katika jimbo la California, yalianza matembezi marefu zaidi: maili 60, yaani takriban kilomita 96, kwa siku tatu. Watembeaji walilala katika mahema, na kila mmoja alitakiwa kuwa amekusanya kiasi maalumu cha fedha kutoka kwa ndugu na marafiki kabla ya kuanza safari.

Watanzania hawakuhitaji kufundishwa na nchi nyingine kwamba mwendo mrefu wa miguu waweza kuwa tamko. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, vijana wengi walitembea masafa marefu kuliunga mkono. Mwalimu Julius Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Katika matembezi ya mwaka huo kijana Seti Benjamin, aliyekuwa akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifariki dunia akiwa njiani. Historia hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba watu huliamini zaidi neno la mtu aliyekubali kuchoka kwa ajili yake. La pili ni kwamba safari ya namna hiyo haifanywi bila maandalizi ya mwili.

Katika upande wa saratani yenyewe, Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, kilichoundwa mwaka 1987, kilianza mwaka 2005 kampeni za kuwapima wanawake matiti. Kampeni hizo zilionyesha kuwa wanawake wakipewa nafasi na maelezo yaeleweke, hujitokeza kwa wingi.

Kilomita 96 katika mwili

Mtu mzima hutembea kwa wastani wa kilomita 5 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 32 za siku moja ni kazi ya saa sita na nusu bila kuhesabu mapumziko. Ikiwa hatua yake ina urefu wa sentimita 70, atapiga hatua zipatazo 45,700 kwa siku, na zaidi ya 137,000 kwa siku tatu. Kila mguu utuapo chini hupokea uzito unaozidi kidogo uzito wa mwili wote.

Nguvu zitumikazo zinaweza kukadiriwa kwa urahisi. Katika mwendo wa kawaida kwenye njia ya tambarare, mwili hutumia takriban kilokalori 0.7 kwa kila kilo ya uzito katika kila kilomita. Mtu wa kilo 60 basi hutumia kilokalori 42 kwa kilomita moja, na kama 1,340 kwa kilomita 32. Unga wa mahindi una kilokalori zipatazo 360 katika gramu 100. Kwa hiyo safari ya siku moja hugharimu nguvu zilizomo katika gramu 370 hivi za unga, yaani zaidi ya theluthi moja ya kilo. Anayepanda vilima vya Mbozi atatumia zaidi ya hapo.

Taabu ya kwanza ya mtembeaji huwa malengelenge. Kiatu kinapouvuta ubapa wa ngozi upande mmoja na mfupa kuvuta upande mwingine, tabaka za ngozi huachana, na nafasi iliyopatikana kati yake hujaa majimaji. Ngozi iliyolowa jasho husuguliwa vibaya zaidi, ndiyo maana soksi kavu na kiatu kilichozoeleka ni muhimu kuliko kiatu kipya cha thamani. Taabu ya pili ni maumivu ya misuli. Maumivu hayo hayaji papo hapo. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi, hasa baada ya kuteremka milima, kwa kuwa misuli iliyokuwa ikizuia mwili usiporomoke hupata mikwaruzo midogo sana. Kwa sababu hiyo asubuhi ya siku ya pili na ya tatu ndizo zinazompima mtembeaji.

Maji nayo yana kanuni yake. Anayetoka jasho bila kunywa hupungukiwa na maji mwilini, moyo ukaenda mbio na kichwa kikauma. Hata hivyo, anayekunywa maji mengi kupita kiasi bila chumvi huweza kuizimua damu yake na kuhatarisha maisha. Kanuni iliyo salama ni kunywa kiu ikija, na kula chakula chenye chumvi njiani. Aidha, mtembeaji yampasa kufanya mazoezi kwa majuma mengi kabla ya safari, akiongeza umbali kidogo kidogo, na mwenye maradhi ya moyo au ya shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Hesabu ya uvimbe

Titi limeundwa kwa tezi zinazotengeneza maziwa, vifereji vinavyoyapeleka kwenye chuchu, na mafuta yanayozizunguka sehemu hizo. Saratani nyingi za matiti huanza katika seli zilizotandika ndani ya vifereji. Seli moja, baada ya jeni zake kuharibika, huacha kutii amri ya kuacha kugawanyika. Huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane.

Mwanafunzi aliyesoma vipeo ataona mara moja maana ya jambo hili. Baada ya kugawanyika mara 10 seli huwa 1,024. Baada ya mara 20 huwa zaidi ya milioni moja. Baada ya mara 30 huwa zaidi ya bilioni moja, na hapo ndipo uvimbe unapofikia ukubwa wa takriban sentimita moja na kuanza kuguswa kwa vidole. Ikiwa seli hizo huongezeka maradufu kila baada ya siku 100, uvimbe huo umechukua siku 3,000, yaani miaka zaidi ya minane, bila mwenyewe kuhisi chochote.

Hesabu ya pili ni ya jometri. Uvimbe wa mviringo ukikua kutoka kipenyo cha sentimita moja hadi sentimita mbili, ujazo wake huongezeka mara nane, yaani umeongezeka maradufu mara tatu tu. Kwa mwendo uleule hizo ni siku 300. Katika wagonjwa halisi kasi hutofautiana sana: uvimbe mmoja hukua kwa majuma, mwingine kwa zaidi ya mwaka. Lakini funzo ni lilelile. Anayeugundua uvimbe hana sababu ya kupatwa na hofu ya saa moja, wala hana ruhusa ya kungoja mwaka mmoja.

Hatua nne za ugonjwa

Kwa maelezo ya jumla, katika hatua ya kwanza uvimbe hauzidi sentimita mbili na haujafika mbali. Katika hatua ya pili umekua zaidi, au umefikia tezi chache za kwapani, zile ambazo watu huziita mitoki zinapovimba. Katika hatua ya tatu umeshika ngozi au ukuta wa kifua, au umeenea katika tezi nyingi. Katika hatua ya nne seli zake zimesafiri kwa njia ya damu na kujenga makao mapya katika mifupa, mapafu, maini au ubongo. Katika hatua za mwanzo madaktari hutibu wakikusudia kuponya. Katika hatua ya nne nia kuu huwa kurefusha maisha na kupunguza maumivu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wanaume pia huupata, ingawa ni kati ya nusu na mmoja katika kila wagonjwa 100. Shirika hilo lilieleza pia kuwa katika nchi tajiri zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huishi miaka mitano baada ya kugunduliwa, ilhali nchini India ni 66 na Afrika Kusini 40. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na wakati mgonjwa anapofika na tiba anayoipata.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mtu kituo cha afya ni uvimbe mpya katika titi au kwapa, hata kama hauumi. Ngozi iliyokunjamana au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani ghafla. Majimaji yenye damu. Au titi moja kubadilika umbo. Uvimbe mwingi, takriban tisa katika kila kumi, si saratani. Lakini hakuna awezaye kulijua hilo kwa kutazama tu. Daktari huchunguza kwa mikono, hupiga picha kwa mamografia au ultrasaundi, kisha huchukua kipande kidogo sana cha uvimbe ili kipimwe kwa hadubini. Wengi huogopa sindano au kisu kwa kuamini kuwa chuma huuamsha ugonjwa na kuueneza. Imani hiyo haina msingi. Bila kipimo hicho daktari hajui anatibu nini. Vilevile saratani hailetwi na sidiria, wala na fedha zinazofichwa kifuani, wala na jicho la jirani.

Safari ya kutoka Igamba

Sasa na itazamwe ramani. Msafiri atokaye Igamba hushika njia ya kwenda Mlowo, mji ulio katika barabara kuu inayounganisha Tunduma na Dar es Salaam. Akigeuka magharibi atafika Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016. Akigeuka mashariki atavuka Mto Songwe na kufika Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kwa miguu, safari ya Igamba hadi Mbeya ni mwendo wa siku mbili au tatu: haiko mbali na ile safari ya hisani ya California.

Mbele ya Mbeya kuna umbali mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi Ocean Road, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996, ilikuwa mahali pekee nchini palipotolewa tiba ya mionzi. Baadaye huduma hiyo ilianza pia Bugando, Mwanza. Kutoka Igamba hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 900. Anayetembea kilomita 32 kwa siku angehitaji siku 28. Bila shaka mgonjwa hupanda basi. Lakini nauli yake, ya msindikizaji wake, na gharama ya kulala mjini kwa majuma ya matibabu ni mzigo ambao familia inayotegemea kahawa na mahindi huubeba kwa taabu.

Tena kilomita ni sehemu moja tu ya umbali. Ziko siku za nyumbani, ambazo mwanamke huuona uvimbe akanyamaza kwa kuwa hauumi, au kwa kuwa msimu wa kupalilia haujaisha, au kwa kuwa anaona haya. Ziko siku za zahanati, ambazo hupewa dawa ya jipu akaambiwa arudi baadaye. Ziko siku za rufaa, ambazo barua anayo lakini nauli hana. Ziko siku za kungoja majibu ya maabara. Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021 liliweka malengo matatu: angalau wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na angalau 80 katika kila 100 wamalize matibabu. Tafiti zilizofanywa katika hospitali kubwa za Tanzania zimeonyesha hali iliyo kinyume, kwani wagonjwa walio wengi hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Utafiti mmoja mkubwa uliwafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti katika nchi tano za Afrika, zikiwamo Uganda na Zambia, jirani ya Tunduma. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa baada ya miaka mitatu takriban nusu tu ya wagonjwa walikuwa hai. Watafiti walikadiria kuwa kati ya vifo 28 na 37 katika kila 100 vingeweza kuepukwa kwa kugundua ugonjwa mapema na kuboresha tiba iliyokwisha kujulikana. Hapakutajwa dawa mpya yoyote. Kilichohitajika ni kufupisha njia.

Fedha za matembezi ziende wapi?

Hapa ndipo thamani ya matembezi ya hisani inapopimwa. Matembezi yenye mahema mengi, fulana za rangi na matangazo makubwa yanaweza kula sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa. Waandaaji wa busara hutangaza hesabu yao kabla na baada: kimeingia kiasi gani, kimetumika kiasi gani kwa safari yenyewe, na kimebaki kiasi gani kwa mgonjwa.

Kwa mahali kama Igamba, mchango mdogo hufanya kazi kubwa ukielekezwa katika yale mapengo yaliyotajwa: nauli ya mgonjwa mwenye barua ya rufaa, gharama ya kupima kipande cha uvimbe, na mafunzo ya wahudumu wa zahanati. Mfano wa mafunzo hayo upo. Huko Sarawak, Malaysia, wauguzi wa zahanati za vijijini walifundishwa kuzitambua dalili za saratani na kuwaelimisha wanawake. Mwaka 1994 wagonjwa 60 katika kila 100 wenye saratani ya matiti walifika katika hatua za mwisho. Mwaka 1998 walikuwa 35. Mabadiliko hayo yaliletwa na elimu iliyowafikia watu mahali walipo, bila mashine za bei kubwa.

Matembezi yenyewe, yapitapo kijiji baada ya kijiji, ni chombo cha elimu hiyo. Mtu mmoja aliyepona, akisimama mbele ya watu na kusema jina la ugonjwa wake bila haya, huvunja ukimya ambao bango haliwezi kuuvunja.

Faida kwa mtembeaji

Kazi ya mwili hupunguza kwa kiasi hatari ya kupata saratani ya matiti, kwa kuwa huzuia unene na hupunguza baadhi ya homoni, ikiwamo estrojeni, zinazochochea seli za matiti kukua. Kunyonyesha nako hukinga. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa hatari hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 4 kwa kila miezi 12 ambayo mama amenyonyesha. Pombe, kinyume chake, huiongeza. Lakini ni lazima ieleweke kuwa takriban nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayojulikana isipokuwa kuwa wanawake na kuongezeka umri. Kwa hiyo haifai kumlaumu mgonjwa, na mwenye kutembea sana asijidhani amepata kinga kamili.

Waliopona nao wana nafasi yao. Zamani mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani alikatazwa kuutumia sana mkono wake, kwa hofu ya kuvimba. Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie aliwafundisha wanawake 24 waliotibiwa kupiga makasia ya mashua ndefu. Mikono yao haikuvimba kama ilivyohofiwa, na tafiti za baadaye zilithibitisha kuwa mazoezi yanayoongezwa taratibu ni salama na hupunguza uchovu wa matibabu.

Kazi kwa klabu ya sayansi

Walimu wanaweza kuligeuza somo hili kuwa kazi ya vitendo. Wanafunzi wa hisabati wapime urefu wa hatua zao, wakadirie hatua na nguvu zitumikazo kutoka shuleni hadi kituo cha afya kilicho karibu. Wanafunzi wa baiolojia wachore mchoro wa seli zinazoongezeka maradufu, kwa kasi ya siku 50, 100 na 200, na waonyeshe uvimbe wa sentimita moja utakuwaje baada ya mwaka mmoja. Wanafunzi wa jiografia wachore ramani ya njia ya rufaa kutoka kijijini kwao, wakiandika pembeni ya kila kituo idadi ya siku ambazo mgonjwa huzitumia kufika na kungoja.

Ramani hiyo ya mwisho ndiyo itakayowafaa zaidi wanaopanga matembezi ya hisani. Itawaonyesha mahali njia ilipokatika. Matembezi yatakayofupisha njia hiyo, hata kwa siku thelathini, yatakuwa yamemsogeza mgonjwa kutoka hatua ya tatu kuelekea ya pili, na hapo hatua zote za barabarani zitakuwa zimepata malipo yake.